Seva haina masikio

SDR ni kidude cha USB kinachogeuza kompyuta kuwa redio, na swali kukihusu huja limebadili nguo tu: "Mkuu, ofisini wanaondoa seva, ina prosesa mbili na RAM ya GB 64. Nikiichomekea SDR hapa Dar, nitaona ndege mpaka Nairobi?"

Hutaziona. Hata upewe mashine mpya ya benki kuu, hutaziona, kwa sababu kinachokuzuia ni mviringo wa dunia. Mawimbi ya 1090 MHz, ambayo ndege hutangazia mahali zilipo, hayapindi kukufuata. Ndege ikiwa mita 10,000 juu na antena yako ikiwa juu ya paa la kawaida, mwisho wako ni kilomita 420 na ushee. Nairobi iko kama kilomita 670. Prosesa ya tatu haitaishusha milima.

Nimejibu hivyo mara nyingi mno, na kila nikijibu kuna mtu anarudi na mashine kubwa zaidi. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Utakachosikia kinaamuliwa kabla namba hazijaingia kwenye waya wa USB. Kinaamuliwa na antena, mahali ilipo, kebo, geini (kiasi cha kukuza ishara), na chipu ya kidude, RTL2832U, yenye biti 8. Prosesa inachambua ilicholetewa. Haiwezi kuomba nyongeza. Kama antena yako iko ndani, chini ya mabati, umeshaamua tayari. Kama umevuta mita 15 za RG58, ile kebo nyembamba ya redio, kwa ajili ya 1090 MHz, umemwaga zaidi ya nusu desibeli (kipimo cha nguvu ya ishara) kwa kila mita, na kilichobaki ndicho unachoiletea Xeon, prosesa ya seva. Tumia kebo ya dishi, RG6, upotevu wake ni mdogo zaidi. Na tafadhali, asinijie mtu na hoja ya omu 75 za kebo hiyo dhidi ya 50 za kidude. Kwa kupokea tu, tofauti hiyo inakugharimu kama sehemu mbili za kumi za desibeli. Wapo watu wanaogombana kwa hilo huku antena yao imelala juu ya kabati.

Sasa wajuzi wananirukia: "Lakini ukichuja unapata biti zaidi, kwa hiyo prosesa inasaidia kusikia." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Unachukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, unabana hadi ukanda wa 12 kHz, yaani mara 200, na kelele inashuka kwa desibeli 23. Hesabu ni safi. Zile biti 8, ambazo kwa nadharia zinakupa desibeli 50 hivi, ghafla zinaonekana kama 11 au 12. Sawa. Lakini kazi hiyo simu ya bei nafuu inaifanya bila kupata joto. Ukiwa na seva, zile desibeli 23 zinabaki 23. Hazigeuki 40 kwa kuwa una kore 24.

Isitoshe, faida hiyo ina masharti ambayo watu huyaruka. Geini iwe juu kiasi kwamba kelele ya antena inatikisa biti za mwisho, na iwe chini kiasi kwamba kituo cha FM cha jirani hakijazi kipimo. Mjini Dar hilo la pili ndilo linaloua. Watu wanapandisha geini hadi 49.6, wanaona picha ya masafa kwenye skrini imejaa rangi, wanafurahi. Nusu ya zile rangi ni vivuli vya redio za FM vilivyozaliwa ndani ya kidude chenyewe. Unasikia matangazo ya mpira kwenye masafa ya ndege! Wimbi likishavunjika pale, hakuna programu itakayoliunga. Weka filta ya kuzuia 88 hadi 108 MHz mbele ya kidude, halafu panda geini kidogo kidogo. Siku kelele na ishara zinapopanda sawasawa, umepita, rudi nyuma.

Chomoa antena pia. Kelele isiposhuka, unasikiliza kidude chako na seva yako.

Na seva ina mengi ya kusema. Pawa saplai zake zinakatakata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, midundo ya memori inaimba, kebo za mtandao nazo zinamwaga zao. Masafa mafupi, chini ya 30 MHz, ndiyo yanayoumia zaidi. Chukua laptopu iliyo kwenye betri, chaja ikiwa imechomolewa, weka kidude na antena ileile, tazama kelele. Mtu mwingine akazime seva ukutani. Kuna nyumba ambako picha inasafika kama imeoshwa, na kuna nyumba ambako hakuna kinachobadilika kwa sababu taa za LED za jirani zimeshashinda.

Kuhusu vile vibanio vya feraiti vinavyofungwa kwenye kebo kupunguza kelele, sina imani kama ya wanaoviuza. Kwenye kebo moja vinaleta nafuu unayoiona kwa macho, kwenye nyingine ni pambo. Nadharia naijua, na bado siwezi kukuambia mapema kipi kitafaa kwako. Hali kadhalika matundu ya USB: mawili yaliyo ubavu kwa ubavu kwenye seva moja, moja lina kelele na jingine halina. Nimeacha kutafuta sababu, najaribu yote.

Je, seva ni ya kutupa? La. Ina kazi moja inayonifurahisha, nayo ni kukumbuka. Kidude kimoja kwa sampuli milioni 2.4 kinatoa MB 4.8 kila sekunde, GB 17 na ushee kwa saa. Tenga GB 48 za RAM, andika kwa mzunguko, na muda wote unashika ukanda mzima unaosikilizwa wa saa mbili na dakika 46 zilizopita. Kitu cha ajabu kikipita kwenye 137 MHz ukiwa jikoni, unarudi nyuma na kukichambua kwa utulivu. RAM ndogo haikupi hilo.

Kazi nyingine ni vidude vingi kwa pamoja: meli za mlangoni Zanzibar kwenye 161.975 na 162.025 MHz, ndege kwenye 1090, setilaiti za Meteor. Utakwama kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, si kwenye prosesa. Linux inatenga MB 16 tu za memori kwa usbfs, sehemu inayopitisha data za USB, vidude vichache tu vinaimaliza, na ujumbe wa kosa haueleweki. Pandisha usbfs_memory_mb. Matundu ya mbele na ya nyuma ya seva za zamani nayo mara nyingi yanagawana njia moja ya USB 2.0, kwa hiyo usijipe moyo kwa kuyahesabu. Na ukitaka kutumia GNU Radio, programu ya kuchambua mawimbi, kwa ukanda mpana, chagua Xeon yenye AVX (amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo), yaani za E5-2600 za 2012 kwenda mbele, kuliko zile za zamani za 5600.

Halafu LUKU. Seva ya prosesa mbili ya kizazi cha 5600, ikikaa bure tu, inakula wati 150 hivi. Hizo ni uniti 108 kwa mwezi. Kama nyumba yako ipo kwenye kundi la bei nafuu la uniti 75, umeshatoka, na mama watoto atakuuliza ndege zinalipa shilingi ngapi. Kwa ndege peke yake nunua kompyuta ndogo ya bodi moja ya wati 5, umalize.

Ukiamua kuiweka, chagua ya 2U, ile nene; feni za 1U, ile nyembamba, hazilaliki nazo. Iweke stoo. Kidude kiache juu, karibu na antena, kwenye hiyo kompyuta ndogo, inayotuma sampuli kwa programu ya rtl_tcp kupitia kebo ya mtandao. Unahitaji megabiti 38 kwa sekunde bila kukatika, kwa hiyo Wi-Fi sahau. Kompyuta ndogo nayo ina kelele zake, ila ni chache kuliko za seva, na kebo ya antena inabaki mita moja.