Graviti ya bia ya nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Haidromita ni mrija wa kioo uliozibwa, mzito upande wa chini, wenye karatasi ya namba ndani ya shingo. Kwenye kioevu kizito huelea juu, kwenye chepesi huzama, na kazi yake inaishia hapo. Namba unayoisoma ni graviti, yaani uzito wa kioevu ukilinganishwa na uzito wa maji ya ujazo uleule, ambayo ni 1.000. Kwa bia ya kawaida, maji ya kimea kabla ya kutiwa hamira huwa kati ya 1.045 na 1.055, na bia ikishachacha hushuka hadi karibu 1.010, kwa kuwa hamira hugeuza sukari kuwa kilevi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hutumika kukadiria kilevi. Namba ikija ya ajabu, kifaa ndicho hulaumiwa kwanza. Mara nyingi kosa liko kwenye sampuli: ina joto, ina gesi, ina unga, au haikukorogwa.

"Nakuru iko juu, kwa hiyo haidromita husoma tofauti na Kisumu"

Si kweli. Kati ya miji hii miwili ya Kenya, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu karibu 1,130, lakini nguvu ya uvutano ikipungua kidogo, inapungua kwa kifaa na kwa kioevu sawasawa. Namba haisogei.

Kinachosogea ni kiwango cha kuchemka: karibu 94°C Nakuru na 96°C Kisumu. Hapo ndipo wanaokagua kipimajoto kwa maji yanayochemka hukosea, maana wanatarajia kuona 100. Kipimajoto kinachosoma 94 Nakuru ni kizima. Ukikilazimisha kisome 100, umeongeza digrii sita za uongo kwenye kila hesabu ya graviti itakayofuata. Kikague kwa barafu: ponda barafu, ijaze kikombe, tia maji baridi kidogo, koroga dakika mbili. Kinapaswa kusoma 0.

"Ikishapoa hadi joto la chumba, soma tu"

Chumba kipi? Karatasi iliyo ndani ya haidromita imeandikwa joto ambalo kifaa kimetengenezwa kisomwe, kwa kawaida 20°C, na nyingine 15.6°C, ambayo ni 60 ya Fahrenheit. Mchana wa Kisumu chumba hufika 30°C bila shida, na sampuli haitashuka hadi 20 hata ukiiacha hadi jioni. Kioevu chenye joto hutanuka na kuwa chepesi, haidromita huzama zaidi, na namba inasomeka ndogo kuliko ukweli.

Kwa haidromita ya 20°C, ongeza 0.001 ukipima kwenye 25°C, 0.003 kwenye 30°C, 0.006 kwenye 40°C na 0.010 kwenye 50°C. Kwa hiyo 1.045 iliyosomwa kwenye 30°C ni 1.048. Kwa ile ya 15.6°C ongeza 0.002 kwenye 25°C, na 0.003 au zaidi kidogo kwenye 30°C.

Ukipima mwanzo na mwisho kwenye joto lilelile, makosa hayo karibu yanafutana unapotafuta kilevi. Balaa huja pale graviti ya mwanzo inapopimwa moto na ya mwisho inapopimwa baridi. Maji ya kimea ya 1.048 yakipimwa kwenye 40°C husoma 1.042. Bia ikiishia 1.010 kwenye 20°C, hesabu ya haraka, tofauti ya graviti mbili mara 131.25, inakupa asilimia 4.2 wakati ukweli ni 5.0.

Usitegemee masahihisho kwa sampuli iliyotoka jikoni sasa hivi. Ukiwa na 80°C, kosa dogo la kipimajoto linakuwa kosa kubwa la graviti, silinda ya plastiki inaweza kupinda, na kioo kinaweza kupasuka. Weka sampuli kwenye kikombe cha chuma, ifunike ili mvuke usitoroke na kuacha sukari nyuma, kisha ikalishe kwenye sufuria ya maji baridi. Ikiwa chini ya 30°C, pima.

"Namba ni ile pale kioevu kinapogusa kioo"

Kioevu hupanda kidogo kwenye shingo ya haidromita. Soma usawa wa kioevu chenyewe, si ule ukingo uliopanda, jicho likiwa sawa na mstari wala si kutoka juu. Haidromita chache zimetengenezwa zisomwe juu ya ukingo. Karatasi yake husema hivyo. Silinda iwe wima na pana kiasi cha kifaa kuelea bila kugusa ukuta.

Gesi ndiyo huwasumbua wengi zaidi. Bia inayochacha imejaa viputo, viputo hushika kioo na kukiinua, na namba husomeka kubwa. Mimina sampuli kutoka gilasi moja hadi nyingine mara kumi na zaidi, iache povu lipungue, kisha tumbukiza haidromita na uizungushe kwa vidole. Iache itulie, soma, izungushe tena. Namba mbili zikitofautiana, gesi bado imo.

"Laktomita ya maziwa inafanya kazi ileile"

Nakuru na Magharibi mwa Kenya hakuna kituo cha kukusanya maziwa kisicho na laktomita, na kanuni yake kweli ni ileile. Lakini ile ya kawaida ina mistari ya 15 hadi 40, maana yake 1.015 hadi 1.040, kwa sababu maziwa hukaa karibu na 1.030. Maji ya kimea ya 1.048 yako juu ya mstari wa mwisho na bia iliyoiva ya 1.010 iko chini ya mstari wa kwanza. Unapima katikati tu, pale ambapo huhitaji.

Kifaa cha fundi wa magari, cha kupimia asidi ya betri, kisiguse kinywaji kabisa.

"Haidromita mpya haihitaji kukaguliwa"

Karatasi huteleza ndani ya shingo, wakati mwingine safarini kabla hujainunua. Pata maji ya betri, yale yaliyosafishwa ya kuongezea, na usome lebo mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa palepale. Kwenye joto lililoandikwa kwenye kifaa, yasome 1.000. Kisha yeyusha gramu 100 za sukari nyeupe katika gramu 900 za maji hayo, vyote vipimwe kwa mizani. Isome 1.040. Ikizidi kwa 0.002 kwote kuwili, toa 0.002 kila siku na uendelee. Maji yakiwa sawa na sukari ikakosea, karatasi yenyewe ni mbovu, nunua nyingine.

"Maji ya kisima ya Nakuru yana floridi, yanaharibu kipimo"

Floridi ni tatizo la meno na mifupa, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa graviti haina uzito wowote: inahesabiwa kwa miligramu, ilhali kusogeza namba kwa 0.001 kunahitaji zaidi ya gramu moja ya chumvi katika kila lita.

"Busaa haipimiki"

Busaa, pombe ya kienyeji ya mahindi na kimea cha wimbi, inapimika kwa shida, na shida yenyewe inaelezeka. Ukitumbukiza haidromita kwenye busaa kama ilivyo, uji mzito unaikamata popote ulipoiachia, na unga unaoelea unaongeza uzito usio wa sukari. Chuja kwa kitambaa, weka kwenye friji saa kadhaa unga ukae chini, mimina maji ya juu polepole, ondoa gesi, acha yarudi kwenye joto la kipimo, ndipo upime.

Hata hivyo, kutoa graviti ya mwisho kwenye ya mwanzo hukupa kilevi kidogo kuliko kilichomo. Kimea cha wimbi huendelea kugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari wakati hamira inaila, kwa hiyo sehemu ya sukari haikuwepo ulipopima mara ya kwanza. Njia iliyo karibu zaidi na ukweli ni hii. Pima graviti ya busaa safi isiyo na gesi. Chukua mililita 250, chemsha zibaki karibu nusu mahali penye hewa, poza, rudisha kwa maji ya betri hadi 250 kamili, pima tena kwenye joto lilelile. Kilevi kimetoka, kwa hiyo namba ya pili ni kubwa. Tofauti ya 0.006 ni karibu asilimia 4, na 0.007 ni karibu asilimia 5. Haidromita yenye mistari ya 0.002 haitoshi hapa. Tafuta yenye masafa mafupi, kwa mfano 0.980 hadi 1.020.

"Rifraktomita ni bora, haihitaji chochote"

Rifraktomita hupima sukari kwa jinsi mwanga unavyopinda kwenye kioevu. Kabla ya hamira ni nzuri sana, tone moja linatosha. Gawa Brix, yaani namba ya sukari inayosomeka humo, kwa 1.04, kwa sababu maji ya kimea si sukari tupu, kisha zidisha kwa 4: 12.5 inakuwa 12, mara 4 ni 48, yaani 1.048. Baada ya hamira kilevi hupotosha mwanga. Bia hiyohiyo ikifika 1.010, rifraktomita husoma karibu 6, ambayo ukiigeuza moja kwa moja unadhani ni 1.024 na kwamba hamira imelala.

"Mapovu yamekoma, tia kwenye chupa"

Mapovu hukoma pia kifuniko kikivuja, au usiku wa Nakuru ukipoza ndoo. Pima leo, pima baada ya siku mbili au tatu. Namba ikiwa ileile ndipo bia imetulia. Kila 0.001 inayoshuka ndani ya chupa hutoa karibu nusu lita ya gesi kwa lita ya bia. Ukifunga 0.004 mapema umeongeza lita mbili juu ya ile ya sukari uliyotia kwa ajili ya povu, na chupa nyepesi hupasuka.

Usingoje 1.000 vilevile. Bia ya kimea hubaki na wanga usioliwa na hamira. Muratina ya asali inaweza kushuka chini ya 1.000, kwa kuwa kilevi ni chepesi kuliko maji.

"Graviti ikiwa sawa, kinywaji ni salama"

Methanoli, ambayo ni sumu, na kilevi cha kawaida vina uzito unaokaribia kulingana, 0.792 na 0.789. Haidromita haiwezi kuvitenganisha, wala kukuambia kilichotiwa kwenye mtungi wa mtu mwingine.