Anguko: Adamu anadaiwa nini?

Pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, Zanzibar, kahawa bado ya moto, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, Adamu si alitubu akasamehewa? Nyinyi Wakristo mnamdai nini mpaka leo?"

Deni hilo ndilo Wakristo wanaloliita Anguko. Kwa Waislamu, kosa la Adamu liliishia kwa Adamu. Wakristo, wakiitegemea Mwanzo 3, husema uasi ule uliharibu hali ya kila anayezaliwa. Neno "anguko" lenyewe halimo katika sura ile. Aliyelikaza fundisho hili ni Augustino wa Hippo (354–430), Mwafrika wa kaskazini: alisoma Warumi 5:12 kwa Kilatini akaelewa kwamba sote tulitenda dhambi ndani ya Adamu. Waorthodoksi, Wakristo wa Mashariki wenye Kigiriki chao, hawakumfuata. Kwao tumerithi mauti, si hatia.

Sayansi inabana hapo kwenye mauti. Tazama ukuta wowote wa zamani wa Mji Mkongwe uliobanduka chokaa: jiwe limejaa vijinyota vya matumbawe, viumbe vilivyokufa maelfu mengi ya miaka iliyopita. Dinosauri waliisha miaka milioni 66 nyuma, mtu hajakuwapo wa kuasi. Na vinasaba vyetu vinaonyesha kwamba wahenga wetu walikuwa maelfu, si wawili peke yao.

Hata hivyo Mwanzo 2:17 inasema Adamu angekufa siku ile ile atakapokula, na kitabu hicho hicho kinampa miaka 930. Kwa hiyo wanateolojia wengi huyasoma mauti yale kama kutengana na Mungu. Na Adamu kwa Kiebrania ni "mtu" tu. Sisi wenyewe twasema binadamu, yaani mwana wa Adamu, bila kuuliza ukoo. Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa mtu, ila akashikilia wazazi wawili wa kwanza.

Mimi hulielewa Anguko vizuri zaidi Mkunazini, humo humo Mji Mkongwe, penye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873. Mtoto aliyezaliwa nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa hakumfunga mtu mnyororo, lakini wali aliokula ulitoka sokoni mle.

Nilimweleza mzee hivyo. Akageuza kikombe. "Na mtoto huyo, naye Mungu amdai?"

Augustino angejibu ndiyo. Mimi niliagiza kahawa nyingine.