Je, wajua kwa nini mvule hubeba jiwe tumboni?

Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kupasulia mbao anaijua sauti yake: mvumo mmoja mzito usiokatika. Siku moja, kwenye karakana niliyopeleka gogo langu, mvumo ule uligeuka ghafla ukawa mkwaruzo wa kutia meno ganzi. Fundi alizima mashine mbio. Ncha nne za msumeno zilikuwa zimevunjika, na katikati ya ubao, kama kokwa ndani ya embe, lilikaa jiwe la kijivu lenye ukubwa wa yai la kwale.

"Mvule huo," akasema tu, akaenda kutafuta tupa.

Nilidhani mti ulikua ukameza kokoto. Sivyo. Ukilisaga kidogo jiwe la namna hiyo na kulikamulia ndimu, unga wake hutoa povu. Kokoto ya kawaida ya mtoni haifanyi hivyo. Kinachotoa povu ni kalisi kaboneti, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye matumbawe, ganda la yai na nyumba ya konokono. Mvule haukulimeza jiwe, umelizaa.

Namna unavyolizaa ni kisa kirefu kidogo. Mizizi hunyonya kalisi kutoka ardhini, na mti huifunga kalisi hiyo kwa asidi iitwayo oksaliki. Zinapoungana hupatikana fuwele za oksaleti, ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo hujazana katika gome na katika mbao. Mimea mingi hufanya hivyo, mchicha wa jikoni ukiwemo. Tofauti inakuja pale sehemu ya mvule inapokufa au kupata jeraha. Kuvu na mchwa huvunjavunja tishu, na fuwele zinabaki wazi. Hapo hujitokeza bakteria ambao chakula chao ni oksaleti hiyohiyo. Wakishakula, kaboni inayobaki huungana na kalisi, na mazingira yaliyokuwa na uchachu hugeuka kuwa ya magadi. Katika hali hiyo chokaa, yaani ile kalisi kaboneti, huganda, ama ardhini kuzunguka mizizi ama ndani ya ufa wa shina. Mti unapoendelea kunenepa, mbao mpya hulifunika donge lile, na kwa nje huoni kitu.

Watafiti waliochunguza mivule ya Côte d'Ivoire na Cameroon walikuta jambo la ajabu zaidi: chokaa imerundikana chini ya miti hii kwenye udongo ambao kwa asili ni mchachu na hauna mawe ya chokaa kabisa. Kaboni iliyotoka hewani kupitia majani imehifadhiwa pale kama jiwe, na jiwe hudumu kuliko jani lililooza.

Fundi mwenye uzoefu halibahatishi jiwe. Mbao inayolizunguka mara nyingi huwa na weusi kuliko kwingine, kwa hiyo baka jeusi lisilo na maelezo ni onyo. Wenye mashine kubwa hutumia misumeno yenye meno ya chuma kigumu zaidi. Wengine wetu tunanoa.

Kwa nini basi watu bado wanautafuta mvule? Kwa sababu ukishapita jiwe, mbao yake ni ya kutamanika. Kiini chake kina kemikali ambazo mchwa na kuvu hawazipendi, kikikauka vizuri hakijikunji hovyo, na uzito wake ni wa wastani, yapata kilo 650 kwa mita moja ya ujazo. Hizo si nyingi kwa mbao inayostahimili mvua na jua. Ndiyo maana huchongwa miimo, milango, madirisha, meza na mbao za vyombo vya baharini. Ukipasuliwa leo ni wa manjano. Uache juani, baada ya muda utaukuta umegeuka hudhurungi ya dhahabu. Ulaya huuzwa kwa jina la iroko, neno la Kiyoruba, na wengi huununua badala ya msaji kwa sababu ya bei.

Lakini kemikali zile zina gharama. Vumbi lake huwasha ngozi na kupigisha chafya, na baadhi ya vanishi za mafuta hukataa kukauka juu yake. Nyuzi zake pia zimepishana, huku zikielekea kushoto, kule kulia. Randa butu itakung'oa vipande badala ya kulainisha. Funga kitambaa puani, noa randa, punguza tamaa ya kukata kina.

Ukiuliza mbona hatuna mashamba ya mvule kama yalivyo ya msaji, jibu ni kidudu kidogo kiitwacho Phytolyma. Hutaga mayai kwenye miche, majani machanga yakavimba vinundu, vinundu vikaoza, mche ukafa kuanzia kichwani. Miche iliyotawanyika porini hunusurika kuliko iliyopangwa mistari.

Na ile miimo mikuukuu iliyosimama mlangoni katika nyumba kongwe za Zanzibar, mingine ya mvule, imezungukwa na kuta za matumbawe na chokaa. Jiwe lililovunja msumeno wa fundi na ukuta ulioushika mlango ni kitu kimoja, isipokuwa kimoja kilijengwa na bahari na kingine kilijengwa na mti.