Breki ya mbele ya pikipiki inavuja: tafuta panapovujia kabla ya kununua sili

Mafuta ya breki yakishuka kwenye kikopo cha usukani, si lazima yawe yanavuja. Pedi zinapolika, pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) husogea mbele na mafuta hufuata kujaza nafasi iliyobaki nyuma yake. Kwa hiyo tazama pedi kwanza. Zikiwa bado nene na kikopo kinaendelea kushuka, hapo kuna mvujo, na pikipiki isibebe mtu mpaka itengenezwe.

Kwenye pikipiki kuukuu kuna kingine kinachochanganya: oili ya shokapu za mbele nayo huteremka mpaka kwenye kalipa. Chukua tone la huo umajimaji, litie kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) huchanganyika na maji. Oili ya shokapu huelea juu.

Ukishajua ni breki, osha njia yote kwa maji na sabuni, kuanzia mkono wa breki hadi kalipa, kisha ikaushe. Minya mkono wa breki, ufunge kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tyubu, ulale hivyo hadi asubuhi. Asubuhi pitisha tishu kila mahali. Ikilowa chini ya raba iliyo nyuma ya mkono wa breki, sili (mipira ya kuzuia mvujo) za masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo kwenye usukani, zimekwisha. Ikilowa kwenye maungio ya hosipaipu, shuku washa za shaba. Ikilowa ndani ya kalipa, ni sili ya pistoni. Na kama mkono unazama polepole hadi kwenye usukani ilhali tishu ni kavu kote, mafuta yanapita ndani ya masta silinda yenyewe; hapo mvujo hautauona kwa macho.

Maungio ndiyo kazi rahisi. Kila jicho la hosipaipu lina washa mbili, moja kila upande. Washa iliyokwishabanwa hugandamana na kuwa ngumu, kwa hiyo weka mpya, usizigeuze. Boliti nyingi za hapo hukazwa kwa Nm 25 hadi 35. Mwili wa masta silinda ni aluminiamu, na atakayerefusha spana kwa bomba atang'oa nyuzi.

Kalipa inahitaji uvumilivu. Usifungue hosipaipu kwanza: toa kalipa kwenye diski, toa pedi, kisha pampu mkono taratibu mpaka pistoni itokeze. Ukiitoa kwa kompresa, iwekee kipande cha ubao mbele na uondoe vidole, kwa sababu huruka kwa nguvu. Kagua uso wa pistoni pale sili inapoteleza. Kikiwapo kishimo cha kutu, msasa hautakiziba, nunua pistoni. Halafu angalia mfereji wa sili. Unga mweupe uliojikusanya humo ni kutu ya aluminiamu, nao huisukuma sili ibane pistoni kupita kiasi. Ukwangue kwa kijiti kigumu cha mti, usitumie bisibisi.

Sasa kosa linalorudisha pikipiki gereji baada ya siku chache: kuosha sili kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa, au kuzipaka grisi ya kawaida ziteleze. Mpira wa sili za breki umetengenezwa kukaa na mafuta ya breki tu. Ukikutana na mafuta ya petroli huvimba na kulainika, pistoni hunata, gurudumu huburuta, kisha mvujo unaanza upya. Osha sehemu za chuma kwa spiriti na uziache zikauke. Sili zipake mafuta mapya ya breki kabla ya kuzipachika. Kwenye masta silinda, hakikisha na kale katundu kadogo kaliko chini ya kikopo kako wazi. Kakiziba, mafuta hayarudi na breki hujifunga yenyewe njiani.

Soma mfuniko wa kikopo ujue ni DOT gani. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na DOT 3 wala DOT 4. Nunua kopo lililofungwa, si mafuta ya kupimiwa, maana hunyonya unyevu wa hewani: DOT 4 kavu inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Mililita 250 zinatosha diski moja.

Kutoa upepo kunataka spana ya nipeli (skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa), mara nyingi namba 8, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa yenye mafuta kidogo ambamo ncha ya mpira huzama. Pampu, shikilia, legeza nipeli, kaza, ndipo uachie mkono. Ukiuachia kabla ya kukaza, unavuta hewa upya. Kikopo kisikauke hata mara moja. Mkono ukibaki laini, hewa huwa imekwama kwenye maungio ya juu. Gongagonga hosipaipu kidogo na urudie.

Pedi zilizolowa mafuta ya breki hutupwa. Kuzichoma moto au kuzisugua kwa mchanga hakusaidii, mafuta yameshazama ndani. Diski isafishwe kwa spiriti. Tone likidondoka kwenye tanki la petroli, lisuuze kwa maji mengi papo hapo, la sivyo rangi itabanduka. Na yaliyotoka kwenye nipeli yasirudishwe kwenye kikopo, hata yakionekana safi.