Miaka 18 iliyogeuka 10: tunabishania parole ipi?

Katika mkutano wetu wa elimu ya sheria mjini Arua, hapa Uganda, mama mmoja alisimama mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshaanza kubeba viti. "Mlituambia kafungwa miaka 18," alisema. "Mbona nimekutana naye sokoni ananunua mihogo, na hata 15 haijatimia tangu akamatwe?" Mtu huyo alimuua mtoto wa mama huyu kwa panga. Kijana mmoja akadakia: ndiyo hiyo parole ya wanasiasa.

Haikuwa parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, na hakuna mwanasiasa aliyehusika. Ilikuwa hesabu, nasi tuliipiga palepale mgongoni mwa bahasha. Mshtakiwa alikaa mahabusu miaka 3 kabla ya hukumu. Katiba, ibara ya 23(8), inataka muda huo uzingatiwe, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema katika kesi ya Rwabugande kwamba utolewe kwa hesabu kamili. Ikabaki 15. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 nayo humpa msamaha wa theluthi ya kifungo kilichobaki mfungwa yeyote mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja. Toa 5, inabaki 10.

Theluthi hiyo mfungwa huandikiwa yote tangu mwanzo. Hupungua tu akivunja nidhamu au akizembea kazi. Mwizi wa kuku na muuaji wanapata theluthi ileile. Siku ikifika, lango linafunguliwa. Sheria haidai mtu yeyote akae kitako kwanza aulize kama huyu bado ni hatari, atalala wapi, au kama familia aliyoiumiza inachota maji kisima kimoja na mama yake.

Parole kwa maana ya sheria yetu ni kitu kidogo sana: Kamishna Mkuu wa Magereza anaweza kumruhusu mfungwa aliye katika miezi 6 ya mwisho atoke kwa muda. Ni ruhusa ya kujizoeza nyumbani, basi.

Kwenye kifungo cha maisha tumeyumba zaidi. Kesi ya Kigula, mwaka 2009, iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo, na waliokaa zaidi ya miaka 3 wakingoja kunyongwa baada ya rufaa ya mwisho wakabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Lakini maisha ni miaka mingapi? Kwa hesabu ya msamaha, Sheria ya Magereza iliyahesabu kuwa 20; toa theluthi, unapata miaka 13 na miezi 4. Mwaka 2011, katika kesi ya Tigo Stephen, Mahakama ya Juu ikasema maisha ni uhai wote wa mtu. Ukiwa na kifungo cha namna hiyo, unabaki na huruma ya Rais kwa ibara ya 121, akishauriwa na kamati ya Mwanasheria Mkuu na raia 6 mashuhuri.

Kwa hiyo mwanasiasa anayepiga kelele kwamba wahalifu wa mabavu wasipewe parole (na kelele hizo hupata makofi, nimeziona) anailinda hali ileile iliyomkera mama wa Arua. Bodi ya parole inayomhoji mfungwa, inayosikiliza waathirika, inayoweza kusema hapana na kumrudisha ndani akivunja masharti, ni ngumu kuliko hesabu ya bahasha. Tanzania wana Sheria ya Bodi za Parole tangu 1994, lakini iliwaacha nje wenye makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa maoni yangu hapo walikosea. Hao ndio wanaohitaji jicho zaidi, na kifungo chao kikiisha wanatoka vilevile.

Hoja moja dhidi yangu naiheshimu: bodi inaweza kuhongwa, theluthi haihongeki. Ndiyo maana vikao vinapaswa kuwa na sababu zilizoandikwa na njia ya kukata rufaa. Hoja ya gharama za kuwasimamia walioachiwa hainisumbui sana. Usimamizi huo mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaufanya hata leo, bila barua, anapoitwa usiku kuamua ugomvi.

Tulipomaliza hesabu, yule mama hakuomba mtu yule arudishwe gerezani. Aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. "Ningehamishia meza yangu ya nyanya upande wa pili wa soko," alisema, akachukua mkoba wake.