Weupe mtupu: rubani anaona vizuri, ila hakuna cha kuona

Tarehe 10 Septemba 1999, helikopta ya watalii iliparamia theluji ya barafuto ya Herbert, karibu na Juneau, Alaska. Barafuto ni mto wa barafu unaoteremka polepole kutoka mlimani. Helikopta ya pili ya kampuni ileile ikaenda kuitafuta, nayo ikaanguka. Ya tatu ikafuata, ikaishia palepale. Helikopta tatu kwa siku moja, na jambo lililotajwa na wachunguzi ni lilelile: mwanga bapa.

Mwanga bapa ni hali ambayo theluji haina kivuli hata kidogo. Wingu zito likifunika anga, miale ya jua hutawanyika na kushuka kutoka kila upande. Theluji mpya hurudisha juu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoifikia, wingu nalo huurudisha chini tena. Mwanga ukishadundadunda hivyo, bonde, tuta na mteremko vyote huwa na weupe mmoja. Macho hupima umbali kwa kivuli, kwa mikwaruzo ya uso wa ardhi na kwa vitu vyenye ukubwa unaojulikana. Hapo vyote vitatu vimeondoka. Rangi ya theluji ikifanana na ya wingu kiasi kwamba upeo wa macho nao unapotea, hali hiyo ndiyo weupe mtupu, ambao marubani huuita waitauti.

Wengi hudhani lazima pawe na ukungu au dhoruba. Si lazima. Hewa inaweza kuwa safi, na jiwe jeusi likaonekana kutoka kilomita nyingi. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya abiria aina ya DC-10 ilijipigiza kwenye mlima Erebus, Antaktika, na watu wote 257 wakafa. Ilikuwa chini ya wingu, na marubani walikuwa wakitazama nje. Njia iliyoingizwa kwenye kompyuta ilikuwa imebadilishwa bila wao kuambiwa, hivyo mlima ulikuwa mbele yao. Mteremko mweupe chini ya wingu jeupe ukaonekana kama uwanda wa barafu unaoendelea mbali. Ndiyo maana taarifa ya hali ya hewa inayosema “mwonekano kilomita 10” haimsaidii sana anayeruka juu ya theluji tupu. Kipimo hicho kinahusu hewa, hakisemi kama ardhi ina chochote cha kushikwa na jicho.

Kwa helikopta tatizo ni kubwa zaidi. Helikopta nyingi ndogo za kazi hizi hazina mtambo wa kujiendesha. Rubani akiacha usukani kidogo tu, chombo huanza kulala upande. Na mwili haumwambii. Sikio la ndani halihisi mzunguko wa polepole sana, wa nyuzi kama 2 kwa sekunde au chini yake, kwa hiyo helikopta inaweza kuinama na kushuka huku rubani akiapa moyoni kwamba imetulia. Altimita ya kawaida, yaani kipima kimo, nayo hupima mgandamizo wa hewa, hivyo hutoa kimo kutoka usawa wa bahari, wakati theluji inaweza kuwa inapanda kumfuata. Baada ya ajali za Juneau, wachunguzi wa Marekani walipendekeza helikopta za abiria katika maeneo kama hayo zifungwe altimita ya rada, inayopima kimo halisi hadi chini na kupiga king’ora kinapopungua kuliko kiwango alichoweka rubani.

Kuna weupe mwingine ambao helikopta hujitengenezea yenyewe. Karibu na ardhi, mwendo ukishuka hadi kilomita 30 au 40 kwa saa, upepo wa panga zinazozunguka juu yake hutimua theluji laini, ikazunguka na kurudi juu hadi kufunika kioo. Anayetua kwenye ardhi kavu ya Turkana hukuta jambo hilohilo kwa rangi ya udongo. Hatari hapa ni kusogea upande bila kujua. Skidi moja, yaani mojawapo ya vile vyuma viwili virefu ambavyo helikopta hutulia juu yake, ikikwama kwenye theluji ngumu wakati chombo bado kinasukumwa, helikopta hujipindua. Rubani akishtuka na kuvuta wenzo wa kupandia, huongeza tu nguvu ya kupinduka. Hapo wenzo hushushwa, kwa ulaini.

Machi 27, 2021, helikopta iliyowabeba watelezaji wa theluji ilianguka kwenye ukingo wa mlima karibu na barafuto ya Knik, Alaska, ikijaribu kutua. Watu watano walikufa, mmoja akapona. Wachunguzi walisema rubani hakuchukua hatua ifaayo alipoingia kwenye weupe mtupu.

Hatua ifaayo huamuliwa kabla ya kufika. Rubani huchagua mahali penye kitu cheusi kisichopeperuka: mwamba, mti, bendera iliyochomekwa. Marubani wa porini huko kaskazini wamezoea kudondosha matawi ya misonobari kwenye theluji ili wapate pa kukazia macho. Alama hiyo huwekwa mbele kidogo ya mlango, upande anaokaa rubani, karibu kiasi kwamba wingu la theluji likifika bado itaonekana. Kisha hushuka moja kwa moja bila kusimama hewani karibu na ardhi, ili wingu libaki nyuma yake mpaka skidi ziguse. Njia nyingine ni kusimama juu zaidi na kuacha upepo wa panga ufagie theluji laini kwanza. Inakula muda na mafuta, na theluji ikiwa nyingi haiishi. Alama ikipotea, hata kwa nukta moja, kutua kumekufa: helikopta husawazishwa kwa kufuata vipimo vya dashibodi, nguvu huongezwa, na kupanda hufanywa kuelekea upande ambao rubani alishahakikisha hauna mlima. Anayeanza kugeuka huku akitafuta alama yake tena huwa ameshachelewa.

Hata skidi zikigusa, kazi bado. Chini ya theluji panaweza kuwa na ukoko unaovunjika upande mmoja, kwa hiyo nguvu hupunguzwa kidogo kidogo, na abiria hawafungui mlango mpaka uzito wote umekaa na chombo hakizami.