Ule utando mweupe wa kichanga si uchafu

"Mwogesheni haraka, ana uchafu." Kauli hii utaisikia Mbeya, utaisikia Njombe, na mara nyingi anayeitoa ni bibi mwenye nia njema kabisa, beseni la maji ya uvuguvugu likiwa tayari. Lakini ule utando mweupe unaonata kama siagi kwenye mikunjo ya kwapa na mapaja ni kinga: unalainisha ngozi na kuzuia vijidudu.

Kichanga anatoka kwenye joto la nyuzi 37 hivi, akiwa amelowa. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta mwilini ni kidogo, na hawezi kutetemeka kujipasha moto kama sisi. Sasa mwogeshe kule Makete, milimani Njombe, asubuhi ya Julai, umande umeganda kwenye majani! Hata maji yawe ya moto, yakikauka mwilini yanaondoka na joto lake. Akishuka chini ya nyuzi 36.5 ameshaanza kupoa. Akizidi kupoa analegea, ananyonya kwa shida, na sukari ya damu inaporomoka. Kwa mtoto njiti hatari ni kubwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri saa 24 kabla ya kumwogesha. Akaushwe kwa nguo kavu bila kusuguliwa ule utando, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, avalishwe kofia, aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza.

Na bibi? Amfunike mama na mjukuu kwa kanga kavu, na ile iliyolowa aiondoe upesi.